Jiwe, tofali au lipu? Kuchagua jumba la Kijojia kwa kuusoma ukuta wake

Majumba ya mashambani ya Uingereza yaliyojengwa kati ya mwaka 1780 hivi na 1830 humchanganya mtazamaji kwa jinsi yanavyofanana. Mlango uko katikati, madirisha matano au saba kwa safu, yale ya vyumba vya wageni marefu kuliko ya juu yake. Paa limejificha nyuma ya ukingo, na pengine mbele pana baraza lenye nguzo nne. (Kijojia hapa hakihusiani na nchi ya Georgia. Ni enzi ya wafalme wanne walioitwa George, 1714 hadi 1830, nasi tunakishughulikia kipande chake cha mwisho.) Ukiyatazama kwa picha utadhani tofauti ni ya rangi tu. Ukisogea na kugonga ukuta utakuta ni majengo matatu yenye tabia tatu: la jiwe la kuchongwa, la tofali lililoachwa wazi, na la tofali lililopakwa lipu likajifanya jiwe.

Ulinganisho huu ni wa mtu anayetaka kuchagua. Huenda ananunua nyumba nzima, au, kama ilivyo kwa wengi siku hizi, fleti moja ndani ya jumba lililogawanywa. Huenda ni fundi aliyeombwa bei ya ukarabati, au mwanafunzi wa usanifu anayetaka kujua aende kulichunguza lipi. Wengi huanza na uzuri wa mbele. Sisi tunashauri uanze na maswali mawili: ngozi ya nje imeshikwa na nini kwenye mwili wa ukuta, na maji yakishaingia yatatokea wapi?

Ngozi na mwili

Ukuta wa nje wa jumba la namna hii huwa na unene wa sentimita 45 hadi 75, ila unachokisifia ukiwa bustanini ni tabaka la juu tu. Jiwe la kuchongwa la usoni lina sentimita 10 hadi 20. Nyuma yake kuna mawe yasiyochongwa, au matofali ya bei rahisi, yaliyoshindiliwa pamoja na chokaa. Tofali zuri la usoni mara nyingi ni safu moja, sentimita 11 hivi. Lipu ndiyo nyembamba kuliko zote, milimita 20 au 25, na nyuma yake mjenzi alijiona huru kutumia tofali lolote alilolipata.

Chukua majumba mawili ya muongo mmoja, yote yakiiga mahekalu ya Ugiriki. Belsay Hall, huko Northumberland, lilianzwa mwaka 1807 na mwenyewe Sir Charles Monck, aliyekuwa ametoka Ugiriki. Kila upande una futi 100 kamili, karibu mita 30 na nusu, na jiwe lilichimbwa palepale kwenye miliki yake; shimo la machimbo likageuzwa bustani inayotembelewa hadi leo. Mishono kati ya mawe ni myembamba kiasi kwamba lazima usogee karibu ndipo uione. The Grange, huko Hampshire, ni kazi ya William Wilkins iliyofanyika kati ya 1804 na 1809. Alilichukua jumba la matofali la karne ya 17, akalivisha lipu ya saruji ya Kirumi, na mbele akasimamisha nguzo kubwa za Kidoriki, mtindo mzito wa mahekalu ya Kigiriki. Nguzo zile ni matofali ndani, lipu nje. Kwa mbali jumba hili lina fahari kuliko Belsay. Kwa karibu, pale lipu ilipobanduka, tofali jekundu linachungulia kama goti kwenye suruali iliyochanika.

Hatusemi The Grange ni udanganyifu. Watu wa wakati ule walijua walichokuwa wakikifanya, na lipu iliwapa hekalu kwa sehemu ndogo ya gharama ya jiwe. Ila anayerithi hekalu la lipu amerithi pia kazi ambayo wa jiwe haijui, na wa jiwe naye ana yake.

Jiwe: adui amefichwa ndani

Watu hudhani jiwe ndilo chaguo salama. Ni kweli kwamba jiwe zuri la chokaa, kama la Portland au la Bath, au jiwe la mchanga lililo gumu, hustahimili miaka 200 ya mvua bila kelele. Kinachovunja ukuta wa jiwe mara nyingi ni chuma.

Mwashi wa Kijojia alipopanga mawe ya usoni aliyafunga lile kwa lile kwa pingu za chuma, akazimwagia madini ya risasi yaliyoyeyushwa ili maji yasifike. Chuma kikikaa kikavu hakina neno. Maji yakipenya kwenye mshono uliofunguka, chuma hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Huweza kufika mara sita au saba. Jiwe halina pa kwenda, kwa hiyo linapasuka. Pembe hudondoka, au uso mzima husukumwa nje kwa milimita kadhaa.

Mfano unaostahili kutazamwa kwa utulivu ni Castle Coole, karibu na Enniskillen katika Ireland ya Kaskazini. Lilijengwa kati ya 1789 na 1798 kwa michoro ya James Wyatt, kwa ajili ya Earl (mkabaila) wa kwanza wa Belmore. Jiwe la karibu halikumtosheleza Earl huyo. Aliagiza jiwe la Portland kutoka pwani ya kusini ya Uingereza. Likasafirishwa kwa meli hadi Ballyshannon, likabebwa kwa mikokoteni hadi ziwa Erne, kisha kwa mashua mpaka Enniskillen. Mwenyewe alifariki mwaka 1802 akiwa na madeni. Jumba likabaki miongoni mwa kazi safi kabisa za enzi ile, huku pingu za chuma zikiendelea kuoza kimyakimya. Katika miaka ya 1980 ilibidi mawe ya usoni yateremshwe, vyuma vitolewe na mawe yarudishwe mahali pake. Hebu fikiria mtu anapokuambia jiwe halina matunzo.

Ukilikagua jumba la jiwe, tafuta nyufa zinazojirudia kwenye kimo kilekile kwa umbali unaolingana. Jiwe lililochoka halipasuki kwa mpangilio. Pingu hupasua kwa mpangilio. Doa la rangi ya kahawia linaloteremka kutoka kwenye mshono ni shahidi wa pili. Tiba yake haina njia ya mkato: unakata jiwe pale pingu ilipo, unaitoa, unaweka ya chuma kisichoshika kutu, na kuziba kwa kipande cha jiwe la aina ileile. Kuziba ufa kwa saruji kutoka nje ni kumfungia mwizi ndani ya nyumba.

Kosa la pili la jiwe ni la mwashi mwenyewe. Jiwe la mchanga hukaa kwa matabaka kama kurasa za kitabu, na linapaswa kulazwa ukutani kama lilivyolala machimboni. Likisimamishwa wima, kurasa zikitazama nje, hubanduka moja baada ya nyingine. Utaliona jiwe moja limeliwa sentimita tatu ndani ilhali majirani zake wazima. Hilo lilisimamishwa vibaya, na hakuna dawa ya kupaka itakayoliokoa. Hubadilishwa. Tahadhari nyingine: usiweke jiwe la chokaa juu ya jiwe la mchanga katika ukarabati, maana maji yanayotiririka kutoka la juu hubeba chumvi zinazolila la chini.

Tofali: mnyonge anayesamehe

Tofali lilidharauliwa na matajiri wa mwisho wa karne ya 18. Henry Holland alipoitengeneza upya Althorp, jumba la ukoo wa Spencer alikozikwa Diana, kuanzia 1787, alilifunika tofali jekundu la zamani kwa vigae vya ukutani vyeupe vilivyotengenezwa vifanane na tofali la kisasa la wakati ule. Ni kigae kinachoigiza tofali, juu ya tofali halisi. Hata hivyo kuna waliolivaa tofali bila haya, hasa lile jeupe la mashariki mwa Uingereza: Letton Hall huko Norfolk, kazi ya John Soane ya miaka ya 1780, ni la tofali la namna hiyo.

Tofali lilikuwa na kodi pia. Kuanzia 1784 serikali ilitoza shilingi 2 na peni 6 kwa kila matofali elfu, ikapandisha baadaye, na kodi haikufutwa hadi 1850. Kwa kuwa ilihesabiwa kwa idadi, wengine walianza kufyatua matofali makubwa, mpaka sheria ikawakamata kwa kutoza makubwa zaidi. Ndiyo maana vipimo vya matofali ya enzi hiyo havitabiriki, na ndiyo maana tofali la dukani la leo, milimita 215 kwa 102.5 kwa 65, halikai sawa kwenye ukuta ambao tofali lake lina milimita 230 hivi. Fundi anayekuambia "tutapata tu la kufanana" bila kupima amekwisha kukosea.

Udhaifu wa ukuta wa tofali wa Kijojia upo sehemu mbili. Ya kwanza ni ubahili. Usoni unaona tofali moja la ubavu, moja la kichwa, moja la ubavu, moja la kichwa, nawe unaamini kila kichwa kimeingia ndani kushika safu ya nyuma. Mara nyingi sivyo. Wajenzi walilikata tofali zuri nusu ili lihesabike vichwa viwili, na vichwa hivyo havishiki kitu. Uso mzima umeegemea mwili wa ukuta kwa chokaa tu na vichwa vichache vya kweli. Ya pili ni mbao. Upande wa ndani waliweka mihimili ya mbao ndani ya ukuta ili wapate pa kupigilia misumari ya mapambo. Mbao hizo zikioza, ukuta hukosa kitu cha kukalia, na uso hujitenga na kutoa tumbo.

Tumbo hilo hupimwa kwa timazi kutoka dirisha la juu. Weka uzi sentimita 10 kutoka ukutani kule juu, kisha pima umbali huo kila nusu mita kushuka chini. Ukuta ulioegea wote kwa pamoja ni jambo la msingi. Unaotoka katikati ya ghorofa mbili na kurudi chini ni tofali lililoachana na mwili wake. Kama tumbo ni la milimita 20 na halisogei, hushonwa kwa vyuma vyembamba visivyoshika kutu, vinavyopitishwa kwenye mishono na kufungwa ndani. Likizidi hapo au likiwa bado linasogea, ita mhandisi wa majengo ya kale, si mjenzi wa kawaida.

Yote hayo yakishasemwa, tofali ndilo linalosamehe. Likiharibika moja unatoa moja. Hakuna rangi ya kupaka. Mishono ya chokaa ikitunzwa, hukaa miaka 60 au zaidi bila kuguswa. Adui wake mkubwa ni mtu mwenye mwiko na mfuko wa saruji. Piga magoti kando ya ukuta uliojazwa saruji katika miaka ya 1960 au 1970 na utazame usawa wa goti lako: mishono imebaki imesimama mbele kama fremu ya picha, migumu na ya kijivu, na tofali lenyewe limerudi nyuma sentimita moja au mbili, likitoa unga mwekundu ukiligusa kwa kidole. Maji yaliyozoea kutoka kupitia chokaa laini yamekosa mlango, yakatokea kwenye tofali, yakaganda wakati wa baridi na kulimenya.

Wasomaji wa pwani yetu wanaujua ugonjwa huu. Kuta za matumbawe na chokaa za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu hupumua vivyo hivyo, na zikipigwa lipu ya saruji unyevu hufungwa ndani, chumvi hujikusanya, na lipu huja chini pamoja na kipande cha ukuta. Hali ya hewa ni tofauti. Kule ni baridi kali, huku ni chumvi ya bahari. Kosa ni lilelile.

Kujaza mishono upya kwa njia iliyo sawa: toa chokaa kilichokufa kwa kina cha upana wa mshono mara mbili, na kisipungue milimita 25. Tumia tindo jembamba na nyundo, si grainda, kwa sababu grainda hukata kingo za tofali na alama hazifutiki. Osha vumbi, lowesha, jaza kwa chokaa sehemu moja na mchanga mkali sehemu tatu, kisha funika kwa gunia bichi siku kadhaa. Usifanye kazi hii joto likiwa chini ya nyuzi 5. Kwa Uingereza maana yake ni kwamba miezi ya baridi fundi wa chokaa hufanya kazi za ndani. Matao ya juu ya madirisha usiyaguse ovyo. Huko matofali yalisuguliwa kwa mkono hadi mshono ukabaki milimita moja, na hakuna mwiko unaoingia.

Lipu: nzuri siku ya kwanza

Lipu za nje za kipindi hiki si za aina moja, na kujua ni ipi iliyoko mbele yako ni nusu ya kazi. Kulikuwa na ya chokaa na mchanga. Kulikuwa na ile ya mafuta, iliyopewa hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) mwaka 1773 kwa jina la Liardet, ambayo wasanifu ndugu Adam waliitumia na kujuta, kwani mapambo yake yalianza kuharibika mapema. Kisha mwaka 1796 James Parker akapata hataza ya alichokiita saruji ya Kirumi, ingawa Warumi hawakuijua. Ilitokana na vigongo vya udongo wa mfinyanzi wenye chokaa vilivyookotwa hasa kisiwa cha Sheppey, vikachomwa na kusagwa. Hukauka kwa dakika 10 hadi 20, ina rangi ya kahawia, na inastahimili maji. Saruji ya Portland iliyosajiliwa na Joseph Aspdin mwaka 1824 ilikuja kipindi hiki kikikaribia kuisha, kwa hiyo lipu ngumu ya kijivu kwenye jumba la 1805 ni ya mkarabati wa baadaye.

Siku zile lipu ilichorwa mistari ili ifanane na mawe, kisha ikapakwa rangi ya maji ya kuiga jiwe la Bath. Weupe unaong'aa tunaouona leo ni mazoea ya baadaye. Na hapo ndipo gharama ilipo: rangi ikishaanza, haina mwisho. Panga kupaka upya kila miaka mitano hadi saba, na kila mara jukwaa la kuzunguka jumba zima, ambalo kwa jumba la ghorofa tatu huweza kula fedha kuliko rangi yenyewe.

Ufa wa unywele kwenye lipu unaonekana si kitu. Maji huingia humo kwa kunyonywa, hayawezi kutoka kwa sababu ya rangi ya plastiki iliyopakwa juu, na lipu huachana na tofali kwa eneo la meza nzima bila dalili ya nje. Ndiyo maana lipu hukaguliwa kwa sikio. Shika mpini wa nyundo ya mbao, gonga taratibu kila sentimita 30, na uweke alama ya chaki kila unaposikia sauti ya mtungi mtupu. Ukimaliza, rudi nyuma uitazame ramani uliyochora. Alama zilizotawanyika huzibwa kipande kipande. Zikikusanyika chini ya ukingo wa paa au chini ya vizingiti vya madirisha, maji yanatoka juu, na kubandua lipu bila kutibu chanzo ni kutupa fedha.

Ickworth huko Suffolk ni mfano mzuri wa kwenda kuona jinsi ngozi hii inavyofanya kazi kwenye umbo gumu. Lilianzwa mwaka 1795, lina mwili wa duara wa matofali uliovishwa lipu, na kulizungusha jiwe la kuchongwa lote kwa mviringo ule kungekuwa gharama ya kutisha. Lipu inapinda inavyotakiwa. Kwa mapambo, wengine walinunua jiwe la Coade, ambalo si jiwe bali udongo uliochomwa kwenye tanuru huko Lambeth, London, chini ya kampuni ya Eleanor Coade kuanzia 1769. Ukikuta vichwa vya simba au mashada ambayo makali yake yako kama ya jana ilhali jiwe la pembeni limelika, huenda ni Coade. Usikubali fundi ayasugue kwa mchanga wa shinikizo.

Jambo lisilohusu ngozi

Hapa tunakiri kwamba tofauti kati ya ngozi tatu huzidiwa na kitu kimoja kilicho sawa kwa zote: mfereji uliojificha nyuma ya ukingo wa paa. Mitindo ilidai paa lisionekane. Vigae vya jiwe la sleti kutoka Wales viliruhusu paa la mwinamo mdogo, na maji yote yakaelekezwa kwenye mfereji uliotandikwa madini ya risasi, ulio juu kabisa ya ukuta na vichwa vya boriti. Mfereji wa nje ukiziba maji humwagika bustanini. Huu ukiziba, humwagika ndani ya ukuta.

Risasi hurefuka na kufupika kwa joto. Bamba la mita 3 likipita tofauti ya nyuzi 50, kutoka usiku wa baridi hadi adhuhuri ya kiangazi, hubadilika kwa milimita 4 na zaidi. Mafundi wa zamani waliweka mabamba marefu mno, na yakachanika. Leo risasi ya unene wa milimita 3.15 hukatwa isizidi mita 2.5 kwa kipande, ya milimita 3.55 isizidi mita 3. Kila kipande hushuka kwa kidaraja cha milimita 50 au 60 kufikia kinachofuata, na mwinamo usiwe chini ya 1 kwa 80. Kwenye jumba ambalo ukingo wake ni mfupi, vidaraja hivyo vinaweza kukosa nafasi, na hapo sakafu ya mfereji lazima ijengwe upya. Omba bei yake kabla ya kuomba ya kitu kingine chochote.

Mbao ikipita unyevu wa asilimia 20 iko hatarini, na ikikaa imelowa kuvu wa mbao huanza, akisafiri nyuma ya lipu na kuvuka hata ukuta. Ukuta uliolowa hukauka kwa kadiri ya milimita 25 kwa mwezi. Wa sentimita 60 huchukua miaka miwili. Muuzaji anayesema "tumerekebisha paa mwezi uliopita na pamekauka" hajapima.

Sheria na mfuko

Karibu kila jumba la kipindi hiki lililobaki katika hali inayofanana na ya mwanzo limesajiliwa kisheria. Kwa England na Wales kuna daraja la I, II* na II. Kulibadilisha bila kibali ni kosa la jinai, na kibali kinahusu ndani pia, hata fleti yako ndogo ya juu. Kubandua lipu ili tofali lionekane, au kulipaka rangi tofali lililokuwa wazi, ni mabadiliko. Tangu Oktoba 2012 marekebisho yaliyoidhinishwa hayana tena msamaha wa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), kwa hiyo ongeza asilimia 20 kwenye hesabu zako.

Kwa anayenunua fleti, omba hesabu za miaka mitano za ada ya matunzo na uulize akiba iliyopo. Jumba la lipu lenye ada ndogo ni jumba ambalo rangi yake haijalipiwa bado.

Tungechagua lipi

Mwenye mfuko wa kawaida achukue tofali, hata kama ngazi zake si za kifahari, mradi mishono haijajazwa saruji kwa zaidi ya kipande. Kuharibika kwake ni kwa polepole na huonekana, na fundi wa kulitengeneza hupatikana karibu kila mkoa. Jiwe tungelichukua pale tu ripoti ya pingu ipo mkononi, au mawe yalipochimbwa karibu na machimbo ya aina hiyo bado yanafanya kazi. Jiwe lililotoka mbali kama la Castle Coole hukufanya utegemee bei za watu wengine. Lipu ni ya aliye tayari kuihesabu rangi kama kodi ya nyumba, au ya kundi la wenye fleti wanaoelewana, ambao ni wachache kuliko majumba yenyewe. Mwanafunzi wa usanifu tungempeleka Belsay kwanza. Jumba halina fanicha, kwa hiyo kuta, ngazi na nguzo za ukumbi zinasomeka bila kufunikwa. Kisha aende The Grange aone mavazi yaliyochanika.

Siku ya ukaguzi nenda mvua ikinyesha, ukiwa na darubini, chaki, timazi na msumari mrefu. Zunguka nje kwanza, tazama ni bomba gani la mvua lenye ukuta wa kijani nyuma yake. Halafu panda darini, tafuta mahali boriti zinapoingia ukutani chini ya mfereji, na sukuma msumari kwenye mbao. Mbao nzima itakukatalia baada ya milimita mbili au tatu. Ikiuruhusu uzame, fuata mstari huohuo ghorofa kwa ghorofa mpaka chini, maana maji yameshapita njia hiyo. Na kama mwenyeji hajui ufunguo wa darini uko wapi, hesabu kwamba mfereji haujasafishwa kwa miaka, kisha punguza kwenye bei gharama ya jukwaa na ya risasi mpya.